Gauni la Miaka Kumi na Mitatu

Mafundi cherehani wana lugha yao, na aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi anaijua. Akikwambia "nimebakiza vifungo tu," ujue ndiyo kwanza ameshona bega moja. Akikwambia "njoo kesho," hapo kuna matumaini, nenda zako ukalale. Lakini akikwambia "hivi karibuni," usijisumbue hata kukasirika: kitambaa chako bado kimekunjwa vilevile ulivyokileta, na mkasi haujakigusa. Fundi wetu huyu alikuwa ameyasema yote hayo kwa miaka ishirini, bila haya, pini mdomoni, na wateja walimvumilia kwa sababu nguo ikitoka mkononi mwake ilikukaa utadhani umezaliwa nayo. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Fundi, na hata mumewe alimwita Fundi.

Aliyemshawishi kusafiri ni wifiye, mdogo wa mumewe, aliyekuwa nesi mpaka zahanati aliyofanyia kazi ilipofungwa.

"Wifi," alimwambia siku moja akiwa ameketi kwenye benchi la wateja, "wewe umewashona watu, mimi nimewachoma. Wote tumeishi kwa sindano. Lini na sisi tutakwenda kutembea?"

Akatoa karatasi yenye picha. Kampuni ya watalii, siku nane ng'ambo, katikati ya majira ya baridi: makasri, theluji, na ziwa lililoganda mpaka watu wanatembea juu yake. Fundi alicheka hadi pini zikamdondoka. Lakini ile picha ya ziwa aliibandika ukutani juu ya cherehani, na mtu akishabandika picha ukutani, safari imeanza. Kila mmoja akavunja kibubu chake.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mgumu. Mwanawe wa kwanza aliondoka kwenda ng'ambo akiwa kijana, akasema miaka miwili. Baada ya miaka kumi na tisa kilichorudi ni barua ya rafiki yake, ikieleza mahali alipozikwa. Tangu hapo mama huyo akisikia neno ng'ambo hushika kifua. Alikubali tu kwa sababu Fundi anakwenda, na Fundi hajawahi kumdanganya (wateja ni habari nyingine). Siku ya kuondoka aliushika mkono wa Fundi kwa mikono yake miwili, pale mlangoni, watu wote wakiona.

"Mnaondoka wawili, mrudi wawili. Nakukabidhi mwanangu."

"Nimepokea, mama," Fundi akaitika. "Nitamrudisha."

Na wifi alikuwa hapohapo, amechuchumaa, anamfunga mwanawe kamba za viatu. Hakuinua uso. Mwanawe huyo ni msichana wa miaka saba, aliyepachikwa jina la Chiriku kwa kuwa hanyamazi hata akitafuna. Jino lake la mbele ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza. Alimwagiza mama yake theluji kwenye chupa.

*

Fundi hakuamini makoti ya dukani. Alishona mawili mwenyewe, kitambaa kizito cha kijivu, ndani blanketi, na kwa kweli yalikuwa makoti ya kuonewa wivu. Yalikuwa na kosa moja tu, na ni kosa la fundi wa nchi ya joto: hakuifikiria baridi ya vidole. Alichagua vifungo vidogo vya kupendeza na akavitobolea matundu ya kubana. Ukivaa glavu huvishiki, ukivua glavu vidole vinakufa ganzi kabla ya kifungo cha tatu. Ikabidi wifi, ambaye mikono yake haikupoa hata kwenye barafu, awe ndiye anayefunga makoti yote mawili kila wanapotoka nje: saba vyake, saba vya Fundi, na Fundi amesimama kidevu juu kama mtoto anayepelekwa shule.

"Fundi mzima," wifi alimtania, "anavishwa."

"Nyamaza, ufunge."

Walikuwa watu ishirini na wawili kwenye basi moja, na kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu mwenye mwavuli wa njano aliyewahesabu kila wanapopanda. Fundi alishampima kwa jicho siku ya kwanza: bega la kulia liko chini inchi nzima, kosa la mwavuli. Kila mtu alimpima hivyo, hakuweza kujizuia. Kwenye kasri, mbele ya mavazi ya kifalme yaliyofungiwa kwenye kabati la kioo, alisimama muda mrefu, halafu akatikisa kichwa. "Mfalme mzima, na mkono wa kushoto umepachikwa nyuma mbele. Na alilipwa huyo aliyeshona." Wifi alicheka, lakini kicheko chake kilikuja kimechelewa, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha mbali.

Hilo Fundi aliliona. Aliona na mengine. Wifi alitaka apigwe picha kila mahali, na kila picha aliirudia: "Nyingine, nicheke zaidi. Ya Chiriku." Alijua basi namba ngapi linakwenda wapi, katika mji ambao wote wawili hawajawahi kuukanyaga. Wakati wenzao wote wananunua vikombe na vijisanamu, yeye hakununua kitu cha kwake hata leso. Alinunua magauni ya mtoto.

La kwanza lilikuwa jekundu, na Fundi alilishika, akalitazama kwa nje na kwa ndani, akasema, "Hili sawa. Utadhani nimempima." La pili lilikuwa la bluu, siku mbili baadaye.

"Hili kubwa," Fundi alisema.

"Atakua."

"Kukua kupo, ndiyo maana kukawa na pindo. Unaacha pindo refu, unalishusha kila mwaka. Nguo hainunuliwi kubwa, inaachiwa nafasi."

"Wewe na pindo lako," wifi alisema, akalipeleka gauni kwenye kaunta.

Siku ya sita alasiri waliachiwa wafanye watakalo. Wifi alisema anakwenda kutafuta kadi za posta, Fundi apumzishe miguu. Fundi si mpekuzi. Alilifungua sanduku la wifiye kwa sababu moja tu, kwamba vifungo vya dukani havishiki, na hakuwahi kumruhusu mtoto wa familia avae nguo yenye kifungo kinachoning'inia. Alitaka avikaze vya lile jekundu. Chini ya lile jekundu akakuta la bluu, chini ya la bluu akakuta la kijani ambalo hakuwahi kuliona, na chini kabisa, limefungwa kwenye karatasi laini, gauni la maua madogo meupe.

Alitoa utepe wake kwenye mkoba. Hakuuhitaji, jicho lilishamwambia, lakini mkono ulitaka uthibitisho. Jekundu: kifua inchi ishirini na tano, urefu ishirini na sita. Bluu: ishirini na saba, thelathini. Kijani: ishirini na tisa, thelathini na nne. La maua: thelathini na moja, thelathini na nane. Miaka saba, miaka tisa, miaka kumi na mmoja, miaka kumi na mitatu. Aliyapanga kitandani moja baada ya jingine, na alipomaliza, akavuta kiti akaketi.

Hakuna mama anayenunua nguo ya miaka sita mbele ikiwa atakuwepo kuiona ile miaka.

*

Wifi aliporudi, theluji imemtua mabegani, aliyakuta magauni manne kitandani na Fundi kitini, utepe shingoni, kama yuko kibandani kwake.

"Umefungua sanduku langu."

"Nilitaka kukaza vifungo." Fundi alilinyanyua lile gauni la maua. "Hili limeachiwa nafasi ya matiti, wifi. Mtoto jino halijamaliza kuota, wewe umeshamnunulia nafasi ya matiti. Unakwenda wapi?"

"Siendi popote." Wifi aliketi ukingoni mwa kitanda, na koti lake hivyohivyo. "Nimeshafika."

Akayasema yote, kwa sauti ya chini, akiyatazama magauni. Kulikuwa na nyumba ya wazee nje kidogo ya mji. Rafiki yake wa chuo cha unesi alikuwa akifanya kazi hapo, naye alimtafutia nafasi. Karatasi zote zilikuwa tayari. Anaanza Jumatatu.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza.

"Tangu mwezi wa tano."

Mwezi wa tano! Tangu mwezi wa tano alikuwa akija kuketi kwenye benchi lile, anamsaidia kuchambua vifungo, anakunywa chai yake, anamsifia makoti yanavyoendelea. Fundi alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni.

"Kwa hiyo kasri, theluji, ziwa, ilikuwa nini? Mimi nilikuwa nini?"

"Mama asingeniachia peke yangu. Anakuamini wewe."

"Umenifanya daraja."

"Ndiyo," wifi alisema. "Nimekufanya daraja. Nisamehe."

Mtu akikuomba msamaha huku bado anakukanyaga, unamjibu nini?

"Kila Jumatatu napiga pasi sare yangu, wifi. Unajua? Miaka miwili. Naipiga pasi, naitundika, sina pa kwenda nayo. Chiriku akaniuliza juzi, mama, hiyo nguo ni ya nani? Wewe una cherehani, kila asubuhi unaamkia kitu. Mimi naamkia nini?"

"Unaamkia mtoto."

"Mtoto anaamka, anakwenda shule. Nami nabaki na ukuta."

Sare ile Fundi aliishona yeye mwenyewe, na aliwahi kuiona kwenye kamba, nyeupe, imenyooka, akajiuliza na yeye inafuliwa ya nini. Aliliona swali akalipita. Mawifi wanajua kuulizana mengi, lakini lile hakuuliza.

"Ungeaga basi," alisema mwishowe. "Mtu anaaga."

"Ningeaga nisingeondoka. Angenishika shingo, ningevua viatu." Wifi alifuta pua kwa mkono wa koti. "Ni miaka miwili tu. Baada ya hapo nina likizo, nakuja."

"Miaka miwili ni hili la bluu." Fundi aliyagusa mengine, moja moja. "Haya mawili ni ya nini?"

Wifi alitazama la kijani, akatazama la maua, na Fundi akaona waziwazi kwamba hata yeye mwenyewe alikuwa hajajiuliza.

"Kaka yako na yeye alisema miwili," Fundi alisema.

Ndipo wifi akalia, kilio cha mtu mzima kisicho na aibu, mabega yakitikisika ndani ya lile koti. Fundi alimchukia wakati ule, alimchukia kwelikweli, na papo hapo akaona theluji imeyeyuka na blanketi la ndani linalowa. Akainuka, akapiga magoti mbele yake, akaanza kumfungua vifungo. Vidole vyake vilikuwa baridi, vikateleza, akarudia. Saba vyote. Akamvua koti, akalitundika karibu na bomba la joto.

"Nitalibeba jekundu," alisema akiwa amempa mgongo. "Haya matatu sibebi."

"Wifi, tafadhali..."

"Sibebi. Nikiyabeba nimekupa ruhusa. Utayaleta mwenyewe, mkononi, moja moja, kila moja kwa wakati wake. Na mama utampigia wewe, sasa hivi, nikikusikia. Mdomo wangu umezoea kushika pini. Habari hiyo hauiwezi."

Wifi alipiga. Upande wa huku zilisikika ndiyo mama, hapana mama, nisikilize mama, na nyuma ya sauti ya mama mkwe ilisikika ya Chiriku, anagombana na mtu kuhusu zamu ya kuruka kamba. Halafu wifi akaishusha simu. "Anakutaka wewe."

Fundi aliipokea. Alisikia pumzi tu, ndefu, za mtu aliyeshika kifua.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Na wewe? Unarudi?"

"Narudi, mama."

"Haya."

Simu ikakatika. Afadhali angetukanwa.

*

Kesho yake walipelekwa ziwani. Ndilo lile la kwenye picha, na lilikuwa kama kwenye picha, jeupe, pana, watu wanatembea juu yake na watoto wanateleza. Fundi alikuwa amelitazama kwa miezi saba akikanyaga pedali ya cherehani. Sasa alisimama juu yake, wifiye amemshika mkono asianguke, na hakuona kitu. Miguu yake tu aliiona. Alichota theluji, akaijaza kwenye chupa ya Chiriku, wakarudi kwenye basi.

Asubuhi ya kuondoka, wifi alisimama naye kando ya barabara mbele ya hoteli, akavua glavu, akamfunga koti. Kifungo cha kwanza, cha pili. Alikwenda taratibu sana. Kwenye cha saba aliushikilia upindo wa koti kwa muda, kisha akauachia. Hawakukumbatiana. Fundi aliogopa kwamba akimshika hatamwachia.

Mwenye mwavuli wa njano alihesabu, akafika ishirini na moja, akahesabu tena.

"Amebaki," Fundi alimwambia. "Tuondoke."

Ndani ya basi kulikuwa na joto, akafungua koti. Walipofika uwanja wa ndege, upepo ukimpiga kifua, alijaribu kulifunga, akajaribu tena, kisha akaingia nalo likiwa wazi.

*

Mama mkwe alimpokea mlangoni. Hakumlaumu hata kwa neno moja. Alitazama tu nyuma ya Fundi, kwenye njia, muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika, kisha akachukua begi lake akaingia nalo ndani.

"Mama yuko wapi?" Chiriku aliuliza.

"Yuko kazini."

"Mbali?"

"Mbali."

Chiriku alitikisa chupa yake. "Hii si theluji. Haya ni maji."

Gauni jekundu lilimkaa barabara, mabega, kiuno, urefu, kila kitu. Alizunguka nalo mara moja, akasimama, na tangu hapo yule mtoto asiyenyamaza akanyamaza siku tisa. Bibi alimpikia, mjomba alimnunulia baluni, wapi. Siku ya kumi alikuja kibandani, akapanda juu ya kigoda cha wateja, akanyoosha mikono pembeni.

"Anti Fundi, nipime."

"Unashonewa nini?"

"Sishonewi. Nipime tu, halafu tumwambie mama, asinisahau nilivyo."

Ikawa desturi. Kila mwanzo wa mwezi Chiriku hupanda kigoda, Fundi huzungusha utepe, na Jumapili mama akipiga simu, mtoto humsomea kama karani. Chiriku alirudia kusema kwake, wateja wakarudi kumlalamikia Fundi, na picha ya ziwa ilibaki ukutani kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kuibandua. Mwaka ukapita. Wa pili nao ukapita, na ile likizo iliyosemwa ikasogezwa mbele, kwanza kwa mwezi, halafu kwa mitatu. Jino la mbele lilikuwa limeota lote, na gauni jekundu lilishapewa mtoto wa jirani.

Jumapili moja simu ilikuwa juu ya meza ya kukatia, sauti imefunguliwa, na Chiriku ameiinamia.

"Kifua ishirini na saba," alisoma. "Urefu thelathini kamili."

Ikaja sauti ya wifi, ndogo, kama anajisemea mwenyewe: "La bluu lingekukaa sasa."

"La bluu lipi?"

Mguu wa Fundi ulisimama kwenye pedali. Hakuwahi kumwambia mtoto kuhusu yale magauni matatu. Chiriku alimtazama yeye, akaitazama simu.

"Mama yako ana gauni lako la bluu," Fundi alisema, kwa sauti ya kusikika pande zote mbili. "Muulize analileta lini."

Chiriku akaishika simu kwa mikono yote miwili. "Mama, unalileta lini?"

Walisikia maji yakimwagika kule, na mlango ukifungwa.

"Hivi karibuni, mwanangu," wifi alisema. "Hivi karibuni."

Chiriku aliruka, akapiga makofi, akakimbilia ndani, na sauti yake ikasikika nyumba nzima: bibi, bibi, mama anakuja, amesema hivi karibuni!

Fundi alibaki ameketi. Kisha alisimama, akapekua rafu mpaka akapata kitambaa cha bluu, akakitandaza mezani na kukinyoosha kwa kiganja. Alikata kifua ishirini na saba, urefu thelathini, na pindo akaliachia inchi nne.